Jahangir Khan na skwoshi ya kumnyima mwenzako pumzi

Novemba 1986, mjini Toulouse, Ufaransa, Ross Norman wa New Zealand alimshinda Jahangir Khan wa Pakistani 9-5, 9-7, 7-9, 9-1 katika fainali ya World Open, yaani ubingwa wa dunia wa skwoshi. Mara ya mwisho Jahangir kufungwa ilikuwa Aprili 1981, kwenye fainali ya British Open, shindano kubwa la Uingereza. Kati ya tarehe hizo mbili pana zaidi ya miaka mitano na nusu, na katika muda wote huo, kwenye skwoshi ya kawaida ya mpira laini, hakuna aliyemtoa kiwanjani akiwa ameshindwa.

Hesabu inayotajwa kila mahali ni mechi 555 mfululizo. Ukiigawa kwa miezi unapata zaidi ya mechi nane kila mwezi. Mshindi wa mashindano ya watu 32 hucheza mechi tano tu, kwa hiyo 555 ni sawa na kubeba vikombe 111 bila kuteleza hata mara moja. Mimi hutegemea zaidi zile tarehe mbili kuliko idadi yenyewe. Tarehe zinatosha.

Wengi wakimtaja Jahangir huishia kwenye mapafu. Alikuwa na pumzi kuliko wote, wanasema, ndiyo maana alishinda. Pumzi alikuwa nayo, lakini wachezaji wenye pumzi walikuwa wengi enzi zake. Alichowazidi wenzake ni jinsi ya kuigeuza pumzi kuwa pointi, na hilo halieleweki bila kujua kwanza kiwanja, mpira na sheria za kuhesabu za wakati ule.

Kiwanja cha skwoshi ni chumba chenye urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, ambamo watu wawili hupokezana kuupiga mpira kwa raketi kwenye ukuta wa mbele. Chini ya ukuta wa mbele kuna bati lenye kimo cha sentimita 48, ambalo wachezaji wa kulipwa wa leo wameshushiwa hadi 43. Mpira ukigusa bati, umepoteza. Mpira wenyewe ni wa raba, kipenyo sentimita 4, uzito wa gramu 24 hivi, na wenye nukta mbili za njano ukiwa baridi karibu haudundi kabisa. Hupigwa na kupigwa mpaka upate joto la nyuzi 45 hivi, ndipo unapoanza kuwa hai. Nguvu ya wachezaji ndiyo inayoupasha. Watu wawili wanaopiga kwa nguvu huupasha zaidi, unadunda juu zaidi, na kuumaliza kwa kipigo kimoja kunazidi kuwa kugumu. Kwa hiyo mchezaji anayepiga kwa kasi bila kuchoka anajitengenezea mpira unaomfaa yeye, usiokufa haraka na unaomlazimisha mwenzake akimbie tena.

Hesabu nayo ilikuwa tofauti na ya leo. Seti ilikuwa ya pointi 9 (iliweza kufika 10 ikifungana 8-8), na pointi aliipata tu yule aliyeanzisha mpira. Ukishinda pigishano, yaani mfululizo wa mapigo mpaka mpira ufe, wakati mwenzako ndiye aliyeanzisha, hupati pointi. Unapokea tu haki ya kuanzisha. Ubao unabaki 3-3 huku watu wanahema. Seti moja iliweza kwenda dakika arobaini na pointi zikisogea kidogo tu.

Tufanye mahesabu kidogo, maana hapa ndipo siri ilipo. Chukua mchezaji anayeshinda mapigishano 6 kati ya 10. Kwa sheria ya leo, ambapo kila pigishano ni pointi, atachukua pointi 6 kati ya 10. Kwa sheria ya zamani, akiwa yeye ndiye anayeanzisha, nafasi ya pointi inayofuata kuwa yake ni 79 kwa mia. Akiwa mpinzani ndiye anayeanzisha, nafasi yake bado ni 47 kwa mia. Mwisho wa siku anachukua karibu pointi 7 kati ya 10. Sheria ile ilimkuza mwenye nguvu na kumkandamiza dhaifu. Aliyezidiwa kidogo alitakiwa ashinde mapigishano mawili mfululizo ili apate pointi moja, na akichoka hata kidogo hakuwa na njia ya kujiokoa. Mwaka 1982 Jahangir alishinda mashindano ya chama cha wachezaji wa kulipwa bila kupoteza pointi hata moja, mwanzo hadi fainali. Hii haina maana kwamba wapinzani wake hawakushinda pigishano lolote. Walishinda, ila hawakuweza kushinda mawili kwa kufuatana.

Mtoto aliyeyafanya hayo hakutarajiwa kucheza. Alizaliwa Karachi tarehe 10 Desemba 1963, katika ukoo wa skwoshi uliotoka kijiji cha Nawakille, karibu na Peshawar. Baba yake, Roshan Khan, alitwaa British Open mwaka 1957. Lakini Jahangir alizaliwa na ngiri, akafanyiwa upasuaji mara mbili, na madaktari waliagiza asijihusishe na michezo ya nguvu. Katika familia yote yeye ndiye aliyehesabiwa kuwa dhaifu.

Mwaka 1979 wateuzi wa Pakistani hawakumchukua kwenye timu ya taifa iliyokwenda Australia. Akajiandikisha mwenyewe katika ubingwa wa dunia wa wachezaji wa ridhaa mjini Melbourne, akaanzia raundi za mchujo, na akautwaa akiwa na miaka 15. Hakuna aliyewahi kuutwaa akiwa mdogo hivyo. Mwezi Novemba mwaka huohuo kaka yake Torsam, naye mchezaji wa kulipwa, alianguka kwa mshtuko wa moyo akiwa katikati ya mechi mjini Adelaide, na akafariki. Jahangir alikaribia kuacha kabisa. Aliyembakiza ni binamu yake Rahmat Khan, aliyeacha kazi yake mwenyewe ya uchezaji akamchukua London na kumfundisha. Kila anayesimulia ushindi wa Jahangir angepaswa kumtaja Rahmat katika sentensi hiyohiyo.

Kipimo chao kilikuwa Geoff Hunt wa Australia, ambaye miaka ile ndiye aliyekuwa alama ya uvumilivu duniani. Aprili 1981 Hunt alimshinda Jahangir 9-2, 9-7, 5-9, 9-7 na kuchukua British Open yake ya nane. Seti ya nne ilivyokwisha 9-7 inaonyesha kwamba kijana alikuwa karibu. Baadaye mwaka huohuo, kwenye fainali ya World Open mjini Toronto, Jahangir alipoteza seti ya kwanza 7-9, kisha akachukua tatu zilizofuata 9-1, 9-2, 9-2. Alikuwa na miaka 17. Isomeni vizuri hesabu hiyo. Seti ya kwanza ndiyo ilikuwa mechi, na zilizofuata zilikuwa matokeo yake. Hunt alishinda seti ile, lakini gharama aliyoilipa kuishinda ndiyo iliyommaliza.

Mtindo huo ulijirudia kwa miaka. Mfano wake mkali kuliko yote ni Machi 1983 mjini Chichester, Uingereza, dhidi ya Gamal Awad wa Misri. Awad alikuwa mwepesi mno, mtu wa kurudisha kila kitu. Seti ya kwanza ilichukua saa 1 na dakika 11, na Awad akaishinda 10-9. Kisha Jahangir akachukua 9-5, 9-7, 9-2. Mechi nzima ilikwenda saa 2 na dakika 46. Siku chache baadaye walikutana tena katika fainali ya British Open, na safari hii matokeo yalikuwa 9-2, 9-5, 9-1. Mwili wa mtu haurudi haraka kutoka kazi ya namna ile, na mtu akishajua kwamba hata akishinda saa nzima ya kwanza bado atashindwa, kuna kitu ndani yake hukatika.

Sasa, kazi yenyewe ilifanywaje?

Msingi wake ni urefu. Mpira unaopigwa sambamba na ukuta wa pembeni unapaswa udunde mara ya kwanza nyuma ya boksi la kuanzishia, na mdundo wa pili uangukie karibu na kiungo cha sakafu na ukuta wa nyuma. Ukidunda mapema, unamkuta mpinzani katikati ya kiwanja na anaukata. Ukidunda umechelewa, unagonga ukuta wa nyuma na kumrudia ukiwa umekaa kama zawadi. Kosa la wengi ni kudhani kwamba nguvu ndiyo inayoleta urefu. Urefu huletwa na kimo. Ukipiga kutoka nyuma ya kiwanja, lenga juu ya mstari wa kuanzishia wa ukuta wa mbele, ambao uko mita 1.78 kutoka sakafuni. Nusu mita juu yake ni mwanzo mzuri, na mpira ukiwa baridi panda zaidi. Anayepiga kwa nguvu zote chini ya mstari ule ataona mpira unadunda mapema, na atamlaumu mpira.

Namna ya kujipima ni rahisi. Weka karatasi mbili sakafuni nyuma ya boksi, moja upana wa raketi kutoka ukutani, nyingine nusu ya upana huo. Piga mipira 50 ya upande wa mkono wa kawaida na 50 ya upande wa pili, na uhesabu inayodunda kati ya karatasi na ukuta. Kwa anayeanza, 15 kati ya 50 si haba. Chini ya 30 usijidanganye kwamba unaweza kucheza mchezo wa Jahangir, kwa sababu utamchosha mtu mmoja tu, nawe ndiye huyo. Hapa wengi huharibu kwa kusimama karibu mno na mpira. Kiwiko kinakosa nafasi, uso wa raketi unafunguka, na mpira unaondoka ukutani kuelekea katikati.

Juu ya urefu aliweka voli, yaani kuupiga mpira hewani kabla haujadunda, na kwa macho yangu hii ndiyo silaha iliyosahauliwa zaidi katika masimulizi yake. Mpira mrefu ukiachwa upite, udunde na urudi kutoka ukuta wa nyuma, mpinzani anapata karibu sekunde nzima ya kurudi katikati na kuvuta pumzi. Ukiukata hewani kabla haujapita, sekunde ile umeichukua. Fanya hivyo mara moja, haina uzito. Ifanye mara nane katika pigishano moja na mpinzani anaanza kufika kwenye mpira akiwa amenyooka badala ya kuwa amejipanga, anarudisha mfupi, na hapo tu ndipo mpira wa kumalizia unapokuja. Jahangir hakuwa na haraka ya kuumaliza. Alisubiri mpaka mwili wa mwenzake useme.

Ili kukata hewani lazima usimame mahali pa kukatia. Makutano ya mistari katikati ya kiwanja, yenye umbo la T, yako mita 5.44 kutoka ukuta wa mbele. Anayechoka hurudi nyuma hatua moja bila kujua, halafu hatua mbili, na voli zote zinageuka kuwa mipira ya kukimbilia pembeni nyuma. Ukitazama rekodi za Jahangir, usifuate mpira. Funika nusu ya mbele ya skrini kwa mkono, tazama miguu yake tu, uone anarudi wapi baada ya kila pigo. Dakika ya sitini anarudi palepale alipokuwa akirudi dakika ya tano.

Ratiba yake ya mazoezi husimuliwa hivi: mbio ndefu asubuhi, kilomita 14 hivi kwa mwendo wa wastani, kisha mbio fupi za kasi zinazopimwa kwa saa, halafu vyuma, na mwisho bwawa la kuogelea. Watu husikia kilomita 14 na kwenda barabarani kesho yake. Hilo ni kosa. Mbio ndefu zilikuwa msingi wa mwili wa kijana aliyekuwa pia anacheza saa nyingi kila siku. Skwoshi yenyewe ni kuanza, kusimama, kupinda goti na kugeuka, na barabara haifundishi lolote kati ya hayo. Mtu anayekimbia tu barabarani hufika kiwanjani akiwa na moyo mzuri na mapaja yasiyojua kushuka. Baada ya wiki tatu kano ya kisigino inaanza kuuma, au shavu la mguu linakatika kwenye hatua ya kwanza ya kurudi nyuma.

Zoezi linalofaa zaidi kwa muda mchache ni la kivuli: raketi mkononi, bila mpira, kutoka T kwenda kwenye kona na kurudi. Kona ni sita, mbili za mbele, mbili za katikati pembeni na mbili za nyuma. Fanya sekunde 40, pumzika sekunde 40, mizunguko 10. Ukiweza kumaliza mzunguko wa kumi ukiwa umegusa kona idadi ileile ya mzunguko wa kwanza, punguza mapumziko hadi sekunde 30 kabla ya kuongeza chochote kingine. Yanayoharibika ni haya. Mtu anarudi T akiwa ameupa mgongo ukuta wa nyuma, na katika mechi halisi hataona mpinzani anapiga nini. Mtu anapita juu ya T bila kutulia. Pale katikati panatakiwa kijiruko kidogo, miguu yote miwili itue pamoja wakati mpinzani anapiga. Na kwenye hatua ndefu ya mwisho goti linaingia ndani badala ya kufuata vidole vya mguu. Hili la goti lirekebishe mapema kwa kwenda taratibu, kwa sababu uchovu ukishaingia halirekebishiki.

Siyo kwamba alijua njia moja tu. Kati ya 1983 na 1986 aliingia katika skwoshi ya mpira mgumu iliyochezwa Amerika Kaskazini, kwenye kiwanja chembamba zaidi, mpira wa kasi zaidi, na hesabu ya pointi 15 ambapo kila pigishano lilihesabiwa. Kule mchezo wa kuchosha mtu hauna nafasi kubwa, maana pigishano ni fupi na makosa yanalipwa papo hapo. Bado alishinda karibu kila shindano kubwa alilolicheza, na alimshinda Mark Talbott, mkubwa wa mchezo ule kwa Wamarekani, katika mechi zao nyingi. Anayesema Jahangir alikuwa mapafu tu ajibu hilo.

Tukirudi Toulouse. Norman alikuwa ameumia goti vibaya mwaka 1983 katika ajali ya kuruka kwa mwavuli, akarudi na kuanza kupanda upya. Aprili 1986 walikutana katika fainali ya British Open na Jahangir akashinda seti tatu kavu, 9-6, 9-4, 9-6. Hizo si seti za mtu aliyepigwa ovyo. Miezi saba baadaye Norman alichukua mbili za kwanza, akapoteza ya tatu 7-9, na hapo ndipo kila mtu alipotegemea kuona kile kilichowapata Hunt na Awad. Haikutokea. Seti ya nne ilikwisha 9-1 kwa faida ya Norman. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitano na nusu, aliyebaki na miguu alikuwa yule wa upande wa pili.

Mwaka uliofuata akaja Jansher Khan, kijana mrefu mwepesi wa Peshawar. Aprili 1987 Jahangir alimshinda kwenye fainali ya British Open 9-6, 9-0, 9-5. Septemba, Hong Kong, Jansher akashinda, kisha akaendelea kumshinda mechi baada ya mechi. Jansher alikuwa na uvumilivu uleule, lakini hakutumia nguvu nyingi kuupata. Aliteleza kiwanjani, akainua mpira juu, akapunguza kasi ambayo Jahangir aliitegemea. Jahangir alilazimika kubadilika akiwa na miaka 24. Mwaka 1988 mjini Amsterdam alimshinda Jansher 9-6, 9-2, 9-2 katika fainali ya World Open, ubingwa wake wa dunia wa sita na wa mwisho. Kwangu huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko wote, hata kuliko ule wa Toronto, kwa sababu Toronto alimshinda mtu aliyekuwa anazeeka, na Amsterdam alimshinda mtu aliyekuwa anapanda.

British Open hakuiachia. Aliichukua kila mwaka kuanzia 1982 hadi 1991, mara kumi mfululizo, akaipita rekodi ya Hunt ya mara nane. Fainali ya kumi ilikuwa dhidi ya Jansher: 2-9, 9-4, 9-4, 9-0. Ule mchoro wa zamani, seti ya kwanza iende, tatu zinazofuata ziwe zake, na ya mwisho bila pointi.

Wakati huo huo hesabu ya mchezo ilikuwa inabadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mashindano ya kulipwa yalianza kuhamia kwenye hesabu ya kila pigishano kuwa pointi, seti ya 15, na mwaka 2004 wanaume wa kulipwa wakashuka hadi 11. Mchezo wa leo una mashambulizi zaidi na bati liko chini. Saa nzima ya seti moja haiji tena kirahisi. Ndiyo maana sipendi kulinganisha mechi 555 na rekodi yoyote ya sasa. Ni michezo miwili inayotumia chumba kimoja.

Mwaka 1993 World Open ilichezwa Karachi, mjini kwao. Jahangir, akikaribia miaka 30, alifika fainali, akashinda seti ya kwanza 15-14 dhidi ya Jansher, kisha akapoteza tatu zilizofuata 9-15, 5-15, 5-15. Katika mji huohuo Pakistani ilitwaa ubingwa wa dunia wa timu akiwa kikosini, na hapo akaweka raketi chini. Kuanzia 2002 hadi 2008 aliongoza Shirikisho la Skwoshi Duniani, miaka ambayo mchezo ulikuwa ukibisha hodi kwenye Olimpiki bila kufunguliwa. Mlango ulifunguliwa Oktoba 2023. Skwoshi itachezwa Los Angeles mwaka 2028, na Jahangir atakuwa na miaka 64.